Naombeni ushauri: mbunifu wa ndani anayeshika kazi yote, nitegemee nini?

BintiRaskazone
Habari za jioni wakuu. Nina nyumba ya vyumba vitatu Raskazone, hapa Tanga. Paa tayari, plasta tayari. Mimi nafanya kazi kwa zamu, mume yuko safarini miezi mingi, hivyo hakuna wa kukimbizana na mafundi. Nimepata mbunifu wa Dar anayesema atafanya yote: michoro, rangi, vigae, taa, kununua samani, kusimamia mafundi, hadi kutundika mapazia. Ada yake milioni 5, na anataka nimtumie kabisa milioni 18 za vifaa ndipo aanze. Nyumba hajaiona, kaomba picha za WhatsApp tu. Ndio utaratibu huu? Hii ni akiba ya miaka sita, roho haijatulia.

Babu_Ngamiani
Mwanangu, usitume hata senti kabla hajakanyaga hiyo sakafu na futi kamba mkononi.

MamaMakorora
Dada, mimi nilishampa mtu kazi ya namna hiyo. Vikao viwili vya mwanzo hakugusa habari ya rangi. Aliuliza nani analala wapi, nani anapika, wageni wa Maulidi wanakaa wapi. Niliona ananipotezea muda, kumbe ndiyo kazi yenyewe: jikoni alimwachia mama mkwe nafasi ya kukaa na mbuzi yake akakuna nazi. Michoro tukairekebisha mara mbili bure, ya tatu nikalipia, na ilikuwa kwenye mkataba.

Kilichoniuma ni samani. Kabati aliloniandikia laki tisa nililikuta dukani kwa laki sita na nusu. Wabunifu wengi huweka faida yao juu ya bei, si wizi, lakini uambiwe mapema na iandikwe.

SeremalaChumbageni
Raskazone pana upepo wa chumvi, dada. Bawaba za chuma cha kawaida zitaota kutu, na MDF, zile mbao za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi, ikinywa unyevu inavimba, hairudi. Muulize makabati atayatengeneza kwa kutumia nini. Mninga au mkongo ni sawa, ila uwe umekaushwa. Mbao mbichi inapinda wewe umeshalipa.

MchoraNdani
Nafanya kazi hii. Ada ya ubunifu na hela ya vifaa ni mifuko miwili tofauti. Ada ilipwe kwa awamu: mkisaini, akikukabidhi michoro, kazi ikiisha. Vifaa vinunuliwe kwa orodha uliyoisaini, risiti zije kwako. Kutoka Dar ni kama kilomita 350, kwa hiyo muulize atakuja mara ngapi, nauli na malazi ni juu ya nani, na siku asipokuwepo nani anawaangalia mafundi. "Kusimamia" kwa wengine ni kupiga simu tu. Samani za kuagiza kwa meli huchukua miezi, usipange kuhamia kabla hazijafika. Na usiifunge bajeti yote, bakiza hata asilimia 10 ya yasiyotarajiwa.

BintiRaskazone
Asanteni sana. Nimempigia, anakuja Jumamosi kupima. Ada amekubali tuigawe mara tatu. Ya vifaa tutaongea akishaiona nyumba. Fundi seremala, ungeweza kuwepo?

SeremalaChumbageni
Nipo dada. Saa ngapi?

BintiRaskazone
Saa nne asubuhi. Nakutumia ujumbe nikuelekeze.