Ati fundi wa mabango ni msumari!

Wazee, nimeshuka ngazini sasa hivi na mikono bado inatetemeka, wala si kwa upepo. Nyote mnamjua bosi wangu. Yule wa pikapu nyeupe, anayeegesha pale kwenye hoteli za samaki kana kwamba ziwa aliachiwa na babake. Leo ameniambia, mbele ya mteja na vijana wawili wanaojifunza kazi: "Fundi ni kama msumari. Ukipinda, natoa mwingine kwenye pakiti."

Msumari! Mimi!

Nilikuwa ghorofa ya tatu pale barabara ya Oginga Odinga, saa nane mchana. Mkaaji wa Kisumu anajua upepo wa ziwa unavyoamka saa hizo. Bamba la futi nane kwa nne likifika huko juu ni tanga la mashua, lilinivuta mpaka nikaona Uganda yote na nguo walizoanika. Nikasema tungoje upepo utulie. Kosa langu ni hilo tu, kusema tungoje. Akanijibu la msumari, na yule mteja akacheka.

Mkanda wa usalama niliokuwa nao nimejinunulia. Aliokuwa amenipa yeye ni kamba ya kufungia ng'ombe.

Halafu kila Jumatatu analia eti mafundi hawakai. Watakaaje? Aliyenifundisha sasa anaendesha tuktuk Kondele. Aliyemfuata yuko Qatar. Hao ni watu waliogonga ukuta kwa kidole wakajua ndani ni tofali lenye uwazi, drili haijaguswa. Walibandika karatasi ya vipimo kwanza ndipo herufi zikapanda. Walijua taa za wati 100 haziungwi kwenye transfoma ya wati 60. Binamu yake bosi aliziunga, herufi zikakonyeza mji mzima siku tatu. Nani alipanda usiku kurekebisha, bila shilingi ya ziada? Msumari!

Vijana wale wawili walinitazama usoni aliposema vile. Mmoja ameshaniuliza kama kuendesha boda kunalipa. Pakiti yenyewe inauzwa duka gani, jamani?

OmenaKavu: Pole, Msumari. Umeandika gazeti zima na hujasema kama ulilipandisha bango au la.

Fundi wa Nax: Huku Nakuru ni yale yale, ila wetu hutuita "wale wa ngazi". Sheria ya Usalama na Afya Kazini ni ya 2007 na inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Nilimtajia wangu, akanipa kofia iliyopasuka.

Jaber wa Milimani: Omera, msumari mzuri haupindi 😂

Mwenye uzi: Nililipandisha saa kumi na mbili jioni, upepo ulipolala. Limekaa sawa kabisa. Hakusema asante. Aliyetamka neno msumari hawezi kusema asante.

Baba Wawili: Na sisi wenye biashara tulie wapi? Nimefunza watatu. Kila mmoja aliondoka na drili yangu, na wateja wangu juu.

Fundi wa Nax: Drili rudisha. Wateja walimfuata fundi, mzee.

Mama Nyamchom: Nyinyi mnagombania drili, mimi nimewekewa herufi na hao hao mnaowasifu. Mvua moja tu, C ikaanguka. Sasa bango langu linasoma NYAMA HOMA. Wiki mbili! Watu wanapita wakinipigia picha.

OmenaKavu: NYAMA HOMA 😂😂 nimeanguka kitini.

Jaber wa Milimani: Hiyo yako ni afadhali, mama. Sisi kaunti walikuja kudai ada ya bango ambalo upepo ulishaling'oa.

Baba Wawili: Usinianzishie ya kaunti. Nililipia kibali, kesho yake bango likapakwa alama nyekundu ya X.

Mwenye uzi: Mama, ukuta wako ni wa mawe au tofali? Na herufi zilibandikwa kwa gundi peke yake ama zina skrubu? Usiruhusu mtu azitoboe tena kabla sijaugonga huo ukuta.

Mama Nyamchom: Gundi tupu. Njoo Jumamosi asubuhi.

OmenaKavu: Mguu wa mbuzi ni pesa ngapi hapo?

Jaber wa Milimani: Na ugali ni wa mtama ama huu mweupe?

Mama Nyamchom: Yote miwili. Lakini njooni kabla ya saa saba, Jumamosi huisha mapema.