Tupeane uzoefu: ruzuku ndogo za kuzijengea uwezo asasi zetu zinakwamia wapi?

Mwanzisha mada

Wakuu, kila mwaka Foundation for Civil Society, GEF Small Grants Programme (GEF SGP, mpango wa ruzuku ndogo za mazingira) chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na wafadhili wengine wanatoa ruzuku ndogo kwa asasi za mikoani na wilayani. Asasi nyingi zinapata awamu ya kwanza, ya pili haiji. Waliokaa upande wa fedha, miradi na tathmini waweke mambo wanayoyajua. Hadithi za "tulipambana tukafanikiwa" tuziache, tuwekeane hatua na namba.

Mhasibu wa Kanda

Tatizo la kwanza linaanzia kwenye bajeti. Chukua ruzuku ya shilingi milioni 15 kwa mwaka. Asasi inaandika semina tatu, vipeperushi, usafiri, basi. Mtu wa kutunza vitabu hayumo. Mhasibu wa muda kwa 250,000 kwa mwezi ni milioni 3 kwa mwaka, yaani asilimia 20 ya ruzuku. Mfadhili makini halikatai hilo kama umelieleza kwenye andiko la kuomba ruzuku, maana ndiyo maana halisi ya kujenga uwezo. Weka pia gharama ya ukaguzi wa hesabu tangu mwanzo. Ukiisahau, mwishoni utaichota kwenye fungu la shughuli, na hiyo ni hoja ya ukaguzi tayari.

Sasa kodi. Mkufunzi mkazi ukimlipa 1,000,000, unazuia asilimia 5, yaani unaikata kama kodi yake: yeye anapata 950,000, na 50,000 inakwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mkikubaliana apate milioni kamili mkononi, gharama yako halisi ni 1,052,632. Hiyo 52,632 isipokuwa kwenye bajeti, mtaanza kutafutana. Pango la ofisi huzuiwa asilimia 10. Na wengi wanaamini asasi isiyogawana faida haihusiki na kodi. Cheti cha usajili wa NGO hakikupi msamaha huo. Hadhi ya taasisi ya hisani inaombwa TRA, na hata ukiipata, wajibu wa kuzuia kodi za wengine unabaki palepale.

Risiti: ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iandikwe jina la asasi, si la afisa aliyekwenda dukani. Itoe kopi siku hiyo hiyo na uiambatanishe na ile halisi, kwa sababu karatasi ile hufifia na mkaguzi atakuta karatasi nyeupe. Mama lishe wa kijijini asiye na mashine umlipe kwa hati ya malipo yenye jina, simu, kazi aliyofanya, kiasi na sahihi yake. Kila risiti halisi igongwe mhuri wenye jina la mradi ulioilipia. Asasi yenye wafadhili wawili bila mhuri huo itashukiwa kudai gharama moja mara mbili, hata kama haijafanya hivyo.

Mdau wa Ziwa

Naongezea la masurufu, yaani fedha anazopewa afisa mkononi kwa ajili ya shughuli. Afisa asipewe masurufu mapya kabla hajarejesha ya zamani. Wekeni siku 7 baada ya shughuli, na iwe kwenye mwongozo wa fedha uliopitishwa na bodi. Wengine wanadurufu mwongozo wa asasi kubwa ambao unadai kamati ya manunuzi ya watu watano wakati asasi ina watumishi watatu. Mkaguzi anakupima kwa mwongozo wako mwenyewe, kwa hiyo andika kile mnachoweza kukifanya.

Katibu wa Bodi

Benki: watia sahihi watatu, wawili wanatosha kutoa fedha. Mmoja akihama mkoa, badilisheni mara moja kwa muhtasari wa kikao. Fedha hulala akaunti miezi kwa sababu ya sahihi moja, na muda wa mkataba unaendelea kukatika.

Usajili nao. Kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili wa NGOs na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku 10 ni chache kama mwenyekiti yuko safarini. Kabla ya kuingia vijijini, barua ya utambulisho ipite kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Ukimruka Mkurugenzi, mtendaji wa kijiji atakusimamisha na atakuwa na haki.

Mgeni jukwaani

Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo ni ruzuku ndogo?

Katibu wa Bodi

Hapana mkuu. Ile ni mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kwa kawaida inakwenda kwa vikundi. Inarejeshwa.

Mfuatiliaji

Kuhusu matokeo kwa jamii. "Watu 120 wamefundishwa" si matokeo, na mfadhili anajua posho ndiyo iliyowaleta. Chagua viashiria vitatu tu, vipime kabla ya shughuli ya kwanza, katikati na mwisho. Ukikosa kipimo cha mwanzo hakuna utakacholinganisha nacho, na hicho hakipikiki baadaye.

Mfano ni ufuatiliaji wa matumizi ya fedha za umma shuleni. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ikihesabiwa kwa 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zikiingia akaunti ya shule, basi shule ya watoto 400 inatarajiwa kupokea 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi. Kamati ya kijiji ikiijua hesabu hiyo, inauliza swali moja tu: mwezi huu zimeingia ngapi, na ziko kwenye ubao wa matangazo? Kiashiria chako kiwe idadi ya shule zinazobandika mapato na matumizi, na miezi mingapi mfululizo. Kipimo cha hivyo hata mjumbe asiye msomi anakikagua kwa macho.

GEF SGP wanadai mchango wa jamii, unaweza kuwa nguvu kazi. Siku 200 za kazi kwa 10,000 ni milioni 2, lakini bila daftari la mahudhurio ya kila siku lenye sahihi hazihesabiki. Sahihi zote zikiwa za mwandiko mmoja, bora usilipeleke.

Mgeni jukwaani

Fedha ikibaki mwishoni?

Mhasibu wa Kanda

Andika barua kabla mkataba haujaisha, walau mwezi mmoja, uombe kuongezewa muda au kuhamisha fungu. Mikataba mingi inaweka kikomo cha kuhamisha bila ruhusa, mara nyingi asilimia 10 ya fungu, soma wako. Mkataba ukishaisha, chochote utakachonunua ni gharama ya asasi, na salio linarudi kwa mfadhili pamoja na taarifa ya benki.