Naomba ushauri: nafuata hesabu za mikroekonomia darasani, lakini swali jipya likija nakwama

Msomi wa Mwaka wa Pili:
Habari zenu wakuu. Nasomea shahada ya uchumi, na muhula huu tuna somo la nadharia ya mikroekonomia. Mhadhara ukiendelea naelewa kila hatua, lakini swali likibadilishwa hata kidogo sijui nianzie wapi. Kinachonitesa zaidi ni njia ya Lagrange, ile ya kutafuta chaguo bora pale penye kikomo kama bajeti: natafuta drivativu (viwango vya mabadiliko) zote na kuzifanya ziwe sawa na sifuri, kisha nabaki na lambda, herufi inayoambatana na kikomo hicho, ambayo sijui inaniambia nini. Je, nirudie kalkulasi kwanza, au kuna namna nyingine ya kulisoma somo hili?

Mkokotoaji:
Mkuu, anayeweza kutafuta drivativu hizo zote hana upungufu wa kalkulasi. Kinachokosekana ni kujua mlinganyo unajibu swali gani. Chukua mlaji wa bidhaa mbili ambaye manufaa yake, yaani kuridhika kwake, ni kiasi cha x mara kiasi cha y, mwenye mapato ya 40, bei ya x ikiwa 2 na ya y ikiwa 4. Utapata kwamba atanunua x 10 na y 5, na manufaa yake ni 50. Usifunge daftari hapo. Kizio kimoja zaidi cha x kingemwongezea manufaa 5 kwa gharama ya 2, na kizio kimoja zaidi cha y kingemwongezea 10 kwa gharama ya 4, kwa hiyo upande wowote atakaotumia, kila kipimo kimoja cha mapato kinamletea 2.5. Hiyo ndiyo lambda yako. Isingekuwa sawa pande zote mbili, angepunguza matumizi upande mmoja na kuyapeleka mwingine hadi zilingane. Mwongezee mapato yafike 41, ukokotoe upya, na utaona manufaa yanafika takriban 52.5.

Mwalimu Msaidizi:
Naunga mkono, ila naona hatari moja ambayo nimeiona ikiwaangusha wanafunzi wengi wazuri. Weka bei na mapato yale yale, lakini manufaa yawe x kujumlisha y. Ukifuata Lagrange bila kufikiri, utatakiwa kuifanya nusu (manufaa ya x kwa kila kipimo cha mapato) iwe sawa na robo (ya y), jambo lisilowezekana, wakati jibu liko wazi: mlaji huyu atatumia mapato yote kununua x 20 na hatagusa y. Jibu liko kwenye ncha ya mstari wa bajeti (mstari wa michanganyiko ya x na y inayomaliza mapato yote), na drivativu haikuonyi mapema. Ndiyo maana nasisitiza mchoro utangulie hesabu, hata kama mtihani haukuudai.

Mkokotoaji:
Hilo ni kweli kabisa, nami nililiruka.

Dada Mchumi:
Mdogo wangu, funika majibu ya kitabu, kwa sababu kusoma suluhisho la mwingine hakukupi mazoezi ya kuchagua hatua ya kwanza, na hapo ndipo unapokwama. Kisha badilisha kitu kimoja tu katika swali ulilokwisha kulimaliza. Mathalani, katika mfano wa kwanza, shusha bei ya x kutoka 2 hadi 1, halafu utenganishe athari ya ubadilishanaji (kuhamia bidhaa iliyopungua bei) na athari ya mapato (kuweza kununua zaidi kwa pesa zile zile) kama mwanauchumi Eugen Slutsky alivyofanya mwaka 1915: mpunguzie mlaji mapato mpaka aweze kununua kile kile alichokuwa akinunua, bila ziada, uone atachagua nini.

Msomi wa Mwaka wa Pili:
Nashukuru sana, dada. Nimepata kwamba x inapanda kutoka 10 hadi 20. Kapu la zamani sasa linagharimu 30, na kwa mapato hayo angenunua x 15. Kwa hiyo 5 za kwanza zinatokana na ubadilishanaji na 5 zilizobaki zinatokana na mapato. Je, niko sahihi?

Dada Mchumi:
Sahihi kabisa. Sasa chukua yule mlaji wa x kujumlisha y, mwenye mapato ya 40 na bei ya y ikiwa 4, na bei ya x ishuke kutoka 5 hadi 2. Kabla ya kukokotoa chochote, chora mistari yote miwili ya bajeti na uandike kwa maneno ni athari ipi kati ya hizo mbili unayotarajia iwe sifuri, na kwa nini. Ukishaandika, tuwekee hapa tukusomee.