Fensi ya bustani: kalitunsi (mkaratusi), zege ama miti hai?

mlima_mboga_mukono:
Habari zenu jamani. Niko Mukono, Uganda, ploti yangu ni futi 50 kwa 100, nyuma kuna sukuma wiki na biringanya, mbuzi wa jirani wanakula, kuku wanamalizia. Mwaka juzi niliweka nguzo za kalitunsi na seng'enge, saa hii mchwa wamekula chini yote, ukigusa nguzo inacheza kama jino la mtoto, yaani waya ndio umeshikilia nguzo. Ukuta siwezi. Niweke nini?

fundi_wa_jinja:
Pole ssebo. Waya hauna kosa, uliweka miti mibichi na mchwa wa huku hiyo kwao ni chakula. Nunua iliyopikwa dawa, ile ya kijani-kijani, na uangalie pale kichwani ilipokatwa dawa imeingia wapi, kuna zingine ni ngozi tu. Ukiikata mwenyewe, upande uliokata ukae juu, usiuzike. Mzunguko wako ni futi 300, nguzo kila futi 10 ni kama 30, shimo futi 2. Kona weka zege, na mguu wa kuegemea, waya unavuta hapo sana.

mama_kuku:
Seng'enge kwa kuku?? Banange! Kuku anapita anakuaga. Weka cheni linki, ule wavu wa waya, chini uifukie kidogo. Na geji usidanganywe, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, mimi nilichukua 16 nikidhani inashinda 12, mbuzi akaegemea siku mbili ikatoa kitambi.

boi_masaka:
si upake tu oili chafu ya gari chini ya nguzo, bei ni bure

fundi_wa_jinja:
Kwa mboga unazokula? Hapana, inaingia udongoni.

mzee_wa_shamba:
Mwanangu, pandia mulamula, ule mmea wa majani marefu (dracaena), kando ya waya, unachomeka vijiti tu mvua ikianza, nguzo zikichoka ua uko tayari. Mnyaa pia unashika haraka ila utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, kama una watoto achana nao. Lakini mulamula kwetu Buganda ndio alama ya mpaka, ukichomeka bila jirani kuona atasema umemla ardhi. Mwite kwanza.

mlima_mboga_mukono:
Asanteni, kona zege, katikati miti ya dawa, mulamula ndani. Shida ni hapo kwa kumwita jirani, mzee wangu: mwenye mbuzi ndiye chairman wetu wa LC1, baraza la kijiji 😅