Nataka kuwa dabo wa steringi kwenye muvi, nianzie wapi?

Mruko22: Habari wakuu. Nina miaka 22, niko Dar. Sarakasi naimudu: samasoti mbele na nyuma, kusimama kwa mikono. Nataka kazi za stanti, kuanguka na kupigwa badala ya steringi. Nianze na nini? Na kuangukia maboksi kunafanyikaje, maana mfuko wa hewa sina pa kuupata.

Fundi_Katoni: Dogo, sarakasi ni mtaji, ila imekuzoesha kutua kwa miguu. Ukitua hivyo kwenye maboksi, vifundo vinateguka au magoti yanakupiga usoni. Tafuta klabu ya judo ujifunze kuanguka tu kwanza: kidevu kifuani, mkono wote unapiga chini kando ya mwili. Usitangulize kiganja, kiwiko na kifundo cha mkono ndivyo huvunjika. Kuviringika ni kutoka bega moja kwenda nyonga ya upande wa pili, uti wa mgongo usiguse.

Kitanda cha maboksi: makatoni matupu yanayolingana, upande kama sentimita 45 hadi 60. Mifuniko ifunge kwa kuipachika, bila selotepu, na pembe uzikate kidogo. Hewa ikikosa pa kutokea, boksi linakurusha badala ya kubonyea. Panga tabaka mbili au zaidi, katikati laza katoni bapa, zungusha kamba kwa nje yasitawanyike, juu weka magodoro ya sponji na turubai. Anza kwa kuangukia kutoka urefu wa kifua, na awepo mtu anayejua kukipanga. Tua kwa mgongo, katikati. Yaliyobonyea yabadilishwe kabla ya teki nyingine (kurekodi tena kipande hicho), prodyuza anune asinune. Halafu unyevu wa pwani: makatoni yakilala nje, asubuhi yanaonekana mazima kumbe yameshalegea.

LenziNdefu: Mkuu amemaliza upande wa kuanguka, lakini muvi zetu nyingi kazi ni ngumi. Hapo ujue kamera kabla ya karate. Ngumi inapita sentimita 20 au 30 mbele ya uso, na kamera inakaa nyuma ya bega la mmoja wenu ili pengo lisionekane. Lenzi ndefu, ile ya kuvuta vya mbali, inalificha; lenzi pana inawaumbua. Anayepigwa ndiye anayeuza ngumi: kichwa kigeuke ngumi inapopita usawa wa uso, si kabla. Wengi wanawahi, ndiyo maana watazamaji wanacheka.

Mruko22: Shukrani wakuu. Demo iweje? Na malipo?

Fundi_Katoni: Demo, yaani video fupi ya kuonyesha kazi zako, isizidi dakika mbili, kilicho bora kianze. Piga shoti pana, mwili mzima uonekane, bila kukatakata. Mratibu wa stanti akiona umekata katikati ya anguko anajua kuna kitu unaficha. Mwishoni weka urefu, kifua, kiuno na saizi ya kiatu, maana dabo anachaguliwa kwa kufanana na steringi.

Malipo yaandikwe kwa kila teki ya stanti, siyo kwa siku peke yake. Marekani, kwenye mikataba ya SAG-AFTRA, chama cha waigizaji, kuna nyongeza ya stanti, na ukirudia inalipwa tena. Andika pia nani analipa hospitali na gari gani litakuwepo la kukupeleka. Bodaboda haimbebi mtu aliyeumia shingo.

Ukitamani nje, British Stunt Register, orodha ya watu wa stanti wa Uingereza, imezoea kutaka ujuzi wa michezo isiyopungua sita: mapigano, kuogelea, farasi, magari na kadhalika. Kwa hiyo ongeza kuogelea mapema, bahari unayo.

Moto uache kwanza. Unahitaji jeli maalumu, nguo za ndani zisizoshika moto na watu wa kuzima waliokaa tayari. Nailoni moja tu chini ya shati inayeyukia ngozini.

LenziNdefu: Na pedi nunua zako: magoti, viwiko, nyonga. Mwambie mtu wa mavazi nguo yako iwe saizi moja juu ya ile ya steringi, la sivyo pedi zitachomoza kwenye shoti.