Meli ya mtoni kwa wazazi, mwezi wa kenda: Rhine au Mosel?

Katuba_Mbili

Bayaya na bandugu, jambo yenu. Wazazi wetu watatimiza miaka 40 ya ndoa mwaka ujao, na sisi watoto tunachanga waende Bulaya mwezi wa kenda. Watafikia kwa dada yetu Liège, Ubelgiji, siku 10. Baada ya hapo tunataka wapande meli ya mtoni siku 7, mwendo wa polepole, miji ya kale na mashamba ya zabibu. Wakala ametupa karatasi mbili: Rhine kutoka Köln hadi Basel, na Mosel kutoka Koblenz hadi Trier na kurudi. Bei zinakaribiana. Baba ana miaka 71, goti moja linamsumbua, divai anakunywa kidogo. Mama hanywi kabisa, ni mtu wa kanisa na anapenda mambo ya kale. Tuchague mto gani? Kabini ya chini ni nafuu sana, inafaa? Na viza tuombe ya Ubelgiji au ya Ujerumani?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu

Mosel, hasa kwa mwezi huo.

Rhine ni mzuri, na kipande cha Bingen hadi Koblenz, kilomita 65 za ngome na mizabibu, kiko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2002. Shida ni kwamba hapo hapo ndipo maji yanapopungua mwisho wa kiangazi. Kipimo cha maji ambacho manahodha wanakitazama ni cha Kaub, mji ulio kwenye kipande hicho. Mwezi wa kumi 2018 kilishuka hadi sentimita 25. Watu wakisoma namba hiyo wanadhani mto unavukwa kwa miguu, lakini namba ya kipimo si kina cha maji. Kipimo kikionyesha sentimita 78 hivi, njia ya meli ina kina cha mita 1.90, kwa hiyo unaongeza mita 1.10 kwenye namba unayoisoma. Kikionyesha 40 kuna mita 1.50, na tumbo la meli nyingi za watalii linaingia majini karibu kiasi hicho. Hapo kampuni haiwarudishi nyumbani. Inawabeba kwa basi hadi meli nyingine iliyo ng'ambo ya sehemu mbaya, au meli inabaki gatini kama hoteli na kila asubuhi mnapanda basi. Mikataba karibu yote inaruhusu hivyo, basi msome kipengele cha maji machache na maji mengi kabla ya kuweka sahihi.

Mosel ni kitu kingine. Mwaka 1956 Ufaransa, Ujerumani na Luxembourg zilikubaliana kuurekebisha, na mwaka 1964 njia ya meli ilifunguliwa. Mto umekatwa vipande kwa kuta, kila ukuta una ekluzi kando yake, na maji yanashikiliwa kwenye kimo kile kile. Ukame hauizuii meli. Upande wa Ujerumani kuna ekluzi 10, ya kwanza Koblenz na ya kumi Trier. Ekluzi ni kama birika refu la zege lenye milango miwili: meli inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanajazwa, meli inapanda, mlango wa mbele unafunguliwa. Kila moja inachukua dakika 20 hadi 30 kama hakuna foleni. Ile ya Detzem inapandisha meli mita 9, simameni sitahani muione.

Kinachokwamisha Mosel ni hizo ekluzi zenyewe. Mwezi wa 12 mwaka 2024 meli ya mizigo iligonga milango ya ekluzi ya Müden, na meli kwa makumi zikabaki zimefungiwa upande wa juu wa mto. Tena kila mwaka mto unafungwa siku kadhaa kwa matengenezo, kwa kawaida mwezi wa sita. Wakala akiwauzia mwezi wa sita, mwulize tarehe za kufungwa.

Sasa kwenye karatasi msitazame majina ya miji tu, tazameni saa. Kampuni nyingine zinasafiri usiku ili mchana abiria washuke na kununua matembezi. Mtalipia mizabibu mkaipita mmelala. Sehemu ya Cochem hadi Bernkastel lazima ipitwe mchana, maana ndipo mto unapojikunja kama nyoka na ndipo ulipo mlima wa Calmont pale Bremm, wenye mizabibu kwenye mteremko wa nyuzi 65 hivi. Kutoka Koblenz hadi Trier kwa mto ni kilomita 190 na zaidi. Kwa njia ya ndege ni karibu nusu yake. Mikunjo hiyo ndiyo mnayoilipia.

Mama_wa_Kasapa

Naongeza ya kabini, kwa sababu ya goti la mzee.

Kwa kawaida meli hizi zina sitaha tatu za kulala, na juu kabisa sehemu ya wazi yenye viti. Kabini za chini zina kidirisha kidogo kisichofunguka, maji yako hapo hapo chini ya kioo. Nyembamba, lakini safi. Ubaya wake ni mwingine: lifti, kama ipo, mara nyingi inaunganisha sitaha ya kati na ya juu tu. Haishuki chini wala haifiki kwenye sehemu ya wazi. Mzee atapanda ngazi kila anapokwenda kula. Tena kabini za nyuma ziko karibu na injini. Chukueni sitaha ya kati, katikati ya meli. Ile wanayoiita balkoni ya Kifaransa ni mlango wa kioo unaofunguka na chuma cha kuzuia, hakuna mahali pa kuweka kiti. Si lazima mlipie zaidi kwa jina hilo.

Kuna jambo ambalo wakala hawezi kuwaambia mwenyewe. Gati ni chache, kwa hiyo meli zinafungwa ubavu kwa ubavu, mbili hata tatu. Asubuhi mnafungua pazia mnatazamana na mtu wa meli ya jirani akipiga mswaki. Na ili kushuka, mnavuka ndani ya meli ile, mara nyingine kwa kupanda hadi sitaha yake ya juu kabisa na kushuka upande wa pili. Kwa goti bovu hiyo ndiyo kazi kubwa ya siku nzima. Daraja la kushukia nalo linakuwa na mteremko kulingana na kimo cha maji. Mzee achukue fimbo, na asione haya kumshika mkono baharia, ndiyo kazi yake.

Na usiku kwenye ekluzi: upana wake ni mita 12, meli nyingi kubwa zina mita 11.45. Inabaki sentimita 27 kila upande. Kabini inakuwa giza ghafla, ukuta wa zege unasugua ubavu. Si ajali, ni kawaida yake. Aliyezoea bato za Bukavu–Goma ziwani atashangaa kwamba mawimbi hamna kabisa, lakini kelele hiyo ipo.

Reli_ya_Zamani

Mimi sikubali kwamba lazima meli. Kwa mtu wa goti ningechukua hoteli Cochem siku tatu na Trier siku tatu, na meli za mchana. Meli za mchana zinatoka Cochem hadi Beilstein, saa moja hivi, na unarudi nayo. Treni ya Koblenz–Trier ni saa moja na nusu na inasimama Cochem. Unalala kitanda kisichotikisika, unakula unapotaka, na maji yakikorofisha hupotezi chochote.

Ila mjue treni haifuati mto wote. Baada ya Cochem inaingia handaki la zaidi ya kilomita 4, halafu kutoka Bullay inauacha mto na kupita Wittlich. Bernkastel haina treni, unachukua basi kutoka Wittlich. Traben-Trarbach ina kijireli chake kutoka Bullay.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu

Yaya Reli, hesabu yako ni ya kijana mwenye begi la mgongoni. Hoteli mbili ni kufunga na kufungua masanduku mara mbili, kubadili treni, kutafuta chakula kwa lugha wasiyoijua. Kwenye meli sanduku linafunguliwa mara moja tu. Ila kwa bei ni kweli, hoteli itakuwa nafuu. Katika bei ya meli ulizeni kilichomo: kwa kawaida kitanda, milo na ada za gati zimo, vinywaji, matembezi na bakshishi havimo. Bakshishi huwa kama euro 10 kwa mtu kwa siku, inalipwa mwisho. Zidisheni kwa wawili na siku 7 kabla ya kusema bei zinakaribiana.

Karani_wa_Kamalondo

Viza: unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku 10 Liège, siku 7 Ujerumani, basi ni Ubelgiji. Meli ikigusa Luxembourg haibadilishi kitu, zote ni Schengen, yaani nchi za viza moja, na viza ya kuingia mara moja inatosha. Mkipanga zikalingana, inahesabika nchi ya kuingilia.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ukiwa na maswali unaweza kufika 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na ifunike siku zote na nchi zote za Schengen. Watu wanakataliwa kwa bima iliyokatwa ya Ubelgiji peke yake. Pasi iwe na miezi 3 zaidi baada ya tarehe ya kurudi na kurasa mbili tupu. Dada yenu aende kwenye komine yake (ofisi ya manispaa) Liège ajaze fomu ya kuwagharimia wageni, kwa Kifaransa wanaiita prise en charge, halafu awatumie yenyewe, si picha ya simu. Ulizeni mapema kama alama za vidole zitachukuliwa Lubumbashi au lazima wapande ndege hadi Kinshasa, maana hiyo ni gharama nyingine ya watu wawili. Na meli msilipe yote kabla ya viza: ombeni nafasi ishikiliwe kwa malipo ya kwanza, tarehe ya mwisho ya kughairi ikiwa imeandikwa.

Mzabibu_wa_Golf

Kuhusu divai ya baba. Mosel ni nyumbani kwa Riesling, nyeupe, inakua kwenye mawe meusi ya bamba yanayoshika joto la jua na kulitoa usiku. Kwenye chupa aangalie neno moja: *trocken* ni kavu, uchachu wake ni kama wa ndimu, wengi wetu tunakunja uso. *Feinherb* ina utamu kidogo. *Kabinett* isiyoandikwa trocken ni nyepesi na tamu, mara nyingi pombe asilimia 8 au 9 tu. Kwa mzee ndiyo hiyo.

Mwisho wa mwezi wa kenda watakuta Federweißer, divai changa ambayo bado inachemka. Ifikirieni kama munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliokaa siku mbili: haijatulia na inazidi kuwa kali kila siku. Kifuniko chake hakikazwi kwa makusudi, gesi itoke. Ukiilaza kwenye begi inamwagika yote, na kwenye ndege isithubutu kupanda. Mama apewe *Traubensaft*, maji ya zabibu yasiyo na pombe, yapo kila mahali.

Katuba_Mbili

Aksanti sana wote. Tumeelekea Mosel, sitaha ya kati. Nguo je? Na mama, Trier peke yake itamtosha?

Mama_wa_Kasapa

Nguo ni zile zile za mwezi wa saba hapa Lubumbashi: asubuhi ukungu na koti, saa saba mchana unavua. Viatu vya soli laini, njia ni za mawe.

Trier kuna Porta Nigra, lango la Warumi la karne ya pili. Lilisalimika kwa sababu mtawa Simeoni alijifungia humo, na baada ya kufa kwake 1035 likageuzwa kanisa; mengine yalivunjwa kwa ajili ya mawe. Ila kwa mama Bernkastel ndiyo siku yake. Ng'ambo ya mto, upande wa Kues, karibu na daraja, kuna nyumba ya wazee iliyoanzishwa na Kardinali Nikolaus wa Kues mwaka 1458, kwa wanaume 33, hesabu ya miaka ya Yesu. Bado inatunza wazee, bado ina mizabibu yake, na moyo wa kardinali umezikwa katika kanisa lake dogo. Mwulizeni wakala gati iko ng'ambo ipi. Ikiwa ya Bernkastel, wavuke daraja asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajafika, na ngome ya juu mlimani mzee aiangalie kutoka chini.