Kinamasi tulichokausha: ardhi inashuka na kufuka moshi. Nifanyeje?

Mama Nyakato, Karagwe
Wapendwa, nina shamba bondeni, la urithi. Zamani lilikuwa mafunjo matupu. Mwaka 2009 tukachimba mtaro, maji yakaondoka, tukapanda viazi na mahindi. Misimu ya mwanzo tulivuna tukakosa pa kuweka! Sasa sipati hata nusu yake. Nguzo ya uzio niliyoichimbia chini sana inayumba, ardhi imeshuka shubiri mbili. Julai jirani alichoma mabua, moto ukaingia chini ya udongo ukafuka siku kumi na moja. Ukipiga jembe unatoa majivu. Nataka kinamasi kirudi. Nianze kwa kupanda miti?

Wa Burera
Pole sana, mama. Miti iache, hasa mikaratusi. Ziba mtaro kwanza. Huo udongo mweusi ni mboji; huku Rwanda tunauita nyiramugengeri. Ni mafunjo yaliyokufa maelfu ya miaka, yakashindwa kuoza kwa kuwa yamelala majini bila hewa. Ukiyatoa maji, hewa inaingia, mboji inaoza na kugeuka kaboni dayoksaidi. Shubiri zako mbili, sehemu yake imeshapaa angani.

Sisi tuliyaona Rugezi, bonde la kaskazini mwa Rwanda. Kinamasi kilikaushwa kwa kilimo, ziwa Burera linalopata maji humo likapungua, na kufikia 2004 mitambo ya umeme ya Ntaruka, ya megawati 11.25, inayoendeshwa kwa maji ya ziwa hilo, ilikuwa haina maji ya kutosha. Ukame nao ulichangia, na uendeshaji mbaya. Ikabidi zikodiwe jenereta za dizeli. Ndipo kilimo kikazuiwa bondeni, milimani yakachimbwa matuta, kingoni ikapandwa mianzi na matete. Maji yalirudi. Leo asubuhi nimesikia korongo taji kabla sijatoka kitandani.

Kijana wa Kyaka
Na waliokuwa wakilima humo walikula nini? Mnasahau hilo kila mara.

Wa Burera
Uko sahihi, mdogo wangu. Shemeji yangu alilima humo. Misimu miwili aliishi kwa vibarua, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana namshauri mama aanze na kipande kimoja, si bonde zima.

Fundi Udongo
Mama, weka vizibo vidogo vingi kuanzia juu: safu mbili za fito, katikati udongo mzito ulioshindiliwa. Kizibo kimoja kikubwa mvua ya masika itakibeba. Mafunjo yatajiotea yenyewe. Maji yakirudi methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, itatoka, ila kwa miaka mingi hasara yake ni ndogo kuliko kuacha mboji ikauke. Ardhi za mboji ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini zimehifadhi kaboni kuliko miti ya misitu yote. Halafu zungumza na majirani kabla maji hayajawafikia.

Mama Nyakato, Karagwe
Asanteni sana. Nimeongea na jirani wa juu, amekubali, mradi avune mafunjo ya mikeka. Jumamosi naenda na wanangu kukata fito.